Kila Nilipoinua Mkonga wa Simu

Kirumba, Mwanza, Septemba 1999. Mwaka wa ishirini na saba tangu niondoke Masaka.

Mwanangu Sanyu,

Umekwenda kuwaaga majirani, nami nimebaki na mabegi yako. Nyumba imeanza kuwa na sauti ya nyumba ya mtu mmoja. Nasikia bomba la jikoni likidondosha maji, na sijui kama lilikuwa likidondosha siku zote au limeanza leo.

Kesho utapanda meli ya Bukoba, kisha basi litakuvusha mpaka wa Mutukula, na hapo utakuwa umeingia nchi ambayo nilikupa jina la lugha yake bila kukupa hata siku moja ya kuiona. Jana tukiwa mezani uliweka tiketi mbili kando ya sahani yangu, ukasema, "Baba, twende wote. Unifikishe chuoni Kampala, halafu ushuke Masaka kwa baba mdogo." Nilisema samaki amezidi chumvi. Ukanitazama kama mama yako alivyokuwa akinitazama nilipokwepa jambo, ukaondoa sahani.

Barua hii ndiyo jibu. Ningependa kulisema kwa mdomo, lakini unanijua. Mimi ni mtu wa kuandika, na kwa sehemu kubwa nimewaandikia wengine. Niliandika barua za ofisi ya pamba mpaka soko lilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao, na sisi tukapunguzwa kazi. Kisha nikaandika za Bwana Kirit na minofu yake ya sangara inayokwenda Ulaya. Kila siku niliwaahidi watu nisiowajua kwamba mzigo uko njiani.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala kufunga mlango, wala watu wa kukaa nao mbali. Tangu mama yako atutoke, wewe ndiye uliyekuwa ukinikumbusha mimi mambo hayo. Nataka kukuandikia habari za ile laptopu ya ofisini. Utacheka: mtoto anaondoka, baba anaandika mambo ya kompyuta. Nivumilie. Wewe ulikuja mwishoni na kuona ugonjwa wake tu. Hukuona tulivyoishi nao, wala sikukuambia nilichokiona Jumamosi ile picha ilipofunguka.

Bwana Kirit aliinunua kwa sababu wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamechoka na faksi zetu zisizosomeka. Aliletewa kompyuta ndogo ya kukunja, akaiweka kwenye meza ya Nyamizi, mpiga chapa wetu. Fundi akaja, akaunganisha waya nyuma yake mpaka ukutani, kwenye laini yetu moja ya simu, ile ile inayofika mezani kwangu chumba cha pili. Akatueleza kwamba tumenunua saa kadhaa za mtandao kwa mwezi, tuzitumie kwa akili. Mashine ilipopiga simu mara ya kwanza ilitoa mlio wa mbuzi anayechinjwa, na Bwana Kirit akasema hawezi kufanya kazi na kelele hiyo, izimwe. Fundi akaizima sauti. Kuanzia siku hiyo mashine ikawa inafanya kazi kimya kimya, nasi tukadhani isipolia haifanyi kitu.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri. Baadaye saa zetu zikaanza kwisha kabla ya mwezi kufika nusu. Juu ya hayo, wateja wa mjini wakalalamika kwamba simu yetu inatumika kutwa nzima. Bwana Kirit akaniita, akauliza kwa upole wake ule unaotisha, ni nani anayeishi ndani ya simu yake. Mimi ndiye mkubwa kwa umri pale ofisini, akanipa kazi ya kumtafuta.

Nikafanya ambalo ofisi yoyote ya mji huu ingefanya: nikanunua kufuli. Umezikuta tangu utoto wako, zile kufuli ndogo zinazopitishwa kwenye tundu la kwanza la duara la namba, ili mtu asiweze kulizungusha. Nikaifunga simu ya Nyamizi, nikaifunga na yangu, ufunguo nikautia mfukoni. Nilijiona nimemaliza kazi. Haikunijia akilini kwamba laptopu haihitaji kidole wala duara. Waya wake ulipita nyuma ya meza ukaingia ukutani, haukuiomba kufuli ruhusa.

Saa zikaendelea kwisha. Basi nikaamua mwizi ana ufunguo wa pili, na nikaanza kulinda. Kila chumba cha Nyamizi kilipotulia nilinyanyua mkonga wangu polepole, nikasikiliza. Mara nyingi nilikuta mvumo, kama mvua kubwa juu ya bati la nyumba ya mbali, kisha kimya, kisha ule mlio wa kawaida wa laini iliyo wazi. Nikaelewa, au nilijidanganya kwamba nimeelewa: huyu mtu anasikia nikiinua, naye anaweka chini. Nikawa nainua mkonga na kukimbia papo hapo chumba cha Nyamizi nimkute nao mkononi. Nilimkuta Nyamizi anamenya karanga.

"Mzee Matoke, shikamoo," aliniambia siku moja, bila kuacha karanga zake. "Umekimbizwa na nani leo?"

Hayo ndiyo maisha yangu ya miezi miwili, mwanangu. Mtu aliyesoma vitabu vyote vya maktaba ya misheni, anakimbia kati ya vyumba viwili kwa sababu ya mvumo.

Nilijua kwamba Nyamizi ana mchumba Sengerema, pale hospitalini. Kutoka hapo nilijenga kesi nzima, kwamba humpigia kwa siri, na ilikuwa nzuri, kila tofali limekaa juu ya lingine. Nikampelekea Bwana Kirit. Akamwambia Nyamizi kwamba mwisho wa mwezi atafute kazi nyingine. Nilitegemea alie, au anitukane. Alikuja akasimama mbele ya meza yangu akafuta mikono kwenye kanga.

"Mzee, mtu wangu yuko Sengerema. Feri ipo. Nikimtaka nakwenda."

Kisha akarudi kumalizia barua aliyokuwa akiichapa, na haikuwa na kosa hata moja.

Nilikusimulia jioni ile ulipokuja nyumbani kutoka kwenye mafunzo yako Nyegezi. Nilidhani utanisifu. Ukauliza kama mashine huwa inaachwa ikiwaka. Nikasema inawashwa asubuhi na kuzimwa jioni, kwani ina nini? Ukauliza tena kama kuna aliyewahi kuitazama mashine yenyewe wakati saa zinakwenda. Tulikuwa tumemtazama Nyamizi.

Kesho yake ukaja ofisini, ukaniomba nikae chumbani kwangu kama siku zote. Nilikusikia ukifanya kazi yako. Kwanza uliwaza kirusi, ukapima disketi zote moja baada ya nyingine, hakuna kitu. Ukachomoa waya ukutani, ukakaa, hakuna saa iliyopotea. Ukauchomeka tena, ukakunja mikono, hukugusa kitu. Nyamizi alinieleza baadaye mlivyokaa mkitazama kidirisha kidogo pembeni ya kioo, namba zikapanda zenyewe, zikapanda, hakuna aliyeomba chochote. Fundi alikuwa ameiacha mashine ipige simu kila nusu saa kuuliza kama kuna barua. Siku hiyo ilikuta barua, ikaanza kuivuta, barua kubwa kama gunia la pamba. Ikaivuta mpaka theluthi. Nyamizi akanong'ona, ukamwambia anyamaze. Ikafika karibu na nusu.

Chumba kilikuwa kimetulia mno. Mimi, kama kawaida yangu, nikainua mkonga.

Nikasikia mvumo, kisha kimya. Halafu nikasikia hatua zako. Ulisimama mlangoni, hukuwa na hasira, nadhani ulikuwa unanionea huruma.

"Baba, umeinua simu?"

Nikasema ndiyo. Ukanieleza taratibu kwamba laini ikiguswa, mashine inakatika. Kwamba programu yetu haijui kuendelea pale ilipoishia, inaanza upya, herufi ya kwanza. Kwamba ile barua imekuwa ikianza upya tangu Juni. Na nyuma yake zilikuwa zimepanga foleni barua nane za wanunuzi, hazipiti kwa sababu ya ile moja. Nyamizi alikuwa amesimama nyuma yako.

"Basi mwizi tumempata," akasema. "Mzee Matoke, mshike mkono mwenyewe, umpeleke polisi."

Nilimwomba radhi mbele ya Bwana Kirit, nikatoa maneno niliyoyapanga vizuri, naye akanikatiza katikati kwamba ameelewa na chai inapoa. Kazi yake ikabaki. Wakati huo wewe ulikuwa umerudi kwenye mashine. Ulisoma jina la mtumaji, ukalisoma mara ya pili kwa sauti. Ilikuwa barua yangu. Imetoka kwa mdogo wangu Kizito, kwa mkono wa mwanawe Lule anayefanya kazi kwenye duka la picha Kampala. Mimi mwenyewe niliwapa anwani ya ofisi mwaka huu, nikijivuna kidogo kwamba nami ninayo. Lule alikuwa amezipitisha picha kwenye mashine yao kwa ukubwa wote, hakujua laini zetu zilivyo.

Unakumbuka ulichoniambia. Ulisema unaweza kuwapigia wenye huduma waifute kule kule kwao, hatutaiona na zile nane zitapita. Nikasema, "Ifute." Nilisema haraka sana. Bwana Kirit ndiye aliyekataa. Alisema babu yake alishuka Mwanza na cherehani moja, akafa hajapata barua hata moja kutoka alikotoka, na kwamba barua ya nyumbani haifutwi kabla ya kusomwa. Jumamosi hana simu ya kupiga. Iingie.

Ile Jumamosi wewe ulikwenda Nyegezi kufanya mtihani wako, ukaniachia maelekezo mawili: nisiguse mashine, nisiguse simu. Nilikaa kwenye kiti cha Nyamizi nikaweka mikono mapajani. Kengele ya kanisa ililia, wauza dagaa wakapita, mimi nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Barua ikaingia yote, na nyuma yake zile nane zikaingia kama ng'ombe waliofunguliwa zizi.

Nikabonyeza picha kama ulivyonionyesha. Ilifunguka kutoka juu, mstari kwa mstari. Kwanza anga. Kisha bati jipya, sisi tuliacha nyasi. Kisha baraza, na nguzo mbili za baraza ambazo nilisaidia kuzisimamisha nikiwa mdogo kuliko wewe. Kisha vichwa vya watu. Kizito amekuwa baba yetu kabisa, hata namna ya kubana midomo. Nilingoja mwili wake uteremke, nikaona amekaa kwenye kigoda. Kando yake kiko kiti cha baba, kile cha mkono wa fundi wa misheni, na hakuna mtu juu yake. Kimefunikwa kitambaa cheupe.

Nilikuambia siku ile kwamba picha zilikuwa za nyumba. Hilo ndilo lililobaki kukueleza.

Kwetu baba akifa ukoo hukaa na kumsimamisha mrithi. Humfunga nguo ya magome begani, humpa mkuki, na kuanzia hapo yeye ndiye baba. Hata dada zake wakubwa humpigia magoti na kumwita hivyo. Baba yangu alikufa nikiwa huku, sikumzika. Wazee wakasema yule wa Tanganyika amekufa, wakamsimamisha Kizito. Kizito akakubali nguo na mkuki kwa sababu alilazimishwa, lakini kiti akakataa. Alisema, kaka yangu yuko hai, atakuja akikalie.

Nilizipata habari hizi Bukoba, mwaka ule vita vilipokwisha na sisi wakimbizi tukaanza kurudi makundi kwa makundi. Nilikuwa nimefunga mzigo. Kwenye nyumba ya wageni karibu na bandari nikakutana na mtu wa kijijini kwetu, akanisimulia yote huku akicheka kwa furaha ya kuniona mzima. "Nenda ukakae," aliniambia, "kiti kinapata vumbi." Usiku ule sikulala, na asubuhi nikapanda meli ya kurudi Mwanza.

Mama yako alikuwa na mimba yako. Nilimwambia nimerudi kwa ajili yake na kwa ajili ya mtoto, na wewe umekua ukiamini hivyo. Najua umebeba mawazo kwamba ni wewe uliyenizuia. Utue mzigo huo, mama. Ningeweza kurudi nanyi. Mama yako alikuwa tayari kufunga sufuria. Nilirudi kwa sababu nilijua nikitokea uani, Kizito atasimama. Atasimama bila neno, kama alivyo, na aliyelima shamba, akamzika baba, akawasomesha watoto wa dada zetu, atakwenda kukaa upande wa wageni. Sikutaka kumwona akisimama. Na sikutaka, nikuambie ukweli wote, kuwa mkubwa wa nyumba ambayo sijui hata milango yake inafungukia wapi.

Hilo pekee silijutii sana. Ninalojutia ni kwamba sikumwambia. Kila Krismasi nilimwandikia: mwakani, Mungu akipenda. Niliona ni maneno ya heshima, yasiyomuumiza mtu. Nilisomea lugha, najua jinsi ya kuandika sentensi isiyosema ndiyo wala hapana. Barua ya Kizito iliyokuja na picha ilikuwa fupi. Ameandika kwamba vijana wake wawili wanataka kuoa na kujenga, lakini ardhi haijagawanywa, inamngoja mkubwa. Chumba changu kimepakwa chokaa. Kiti kipo. Anauliza nitakwenda lini.

Nilisoma hayo nimekaa mbele ya mashine ambayo nilikuwa nimeisumbua tangu Juni, na nikaelewa nilivyomfanyia mdogo wangu miaka yote hii. Kila alipokaribia kufika mwisho wa kuningoja, mimi niliinua mkonga kusikiliza kama bado yupo. Naye akaanza upya.

Utakutana na mambo huko yanayokula, bila wewe kuyaelewa, muda wako, usingizi wako, hata watu wako. Sina dawa yake. Mimi nilianza na kufuli, kisha nikamwendea mtu mwenye mchumba Sengerema, na mkono wangu mwenyewe niliutazama mwisho kabisa, baada ya wewe kuniuliza. Wewe ulilifikia swali hilo kwa asubuhi moja tu. Kwa hiyo sikuogopei sana unakokwenda.

Utaniuliza kama sina upweke. Ninao. Nimeishi mji huu kuliko nilivyoishi kwetu, nimemzika mama yako kwenye mawe haya, na bado sokoni wananiita Mganda, kwa wema, na mimi naitika. Lugha yangu nimebaki nayo mwenyewe. Sikukufundisha zaidi ya jina lako na nyimbo mbili za kulalia, nikidhani nakupunguzia mzigo. Huko watakusemesha na hutaelewa, utaona aibu kwa kosa langu. Wape jina lako, watakupokea. Kuanzia kesho hapatakuwa na mtu ndani ya nyumba hii wa kuniambia nimerudia hadithi. Nimeona ziwa kupitia dirishani miaka mingi, na kila siku nimejua ni upande gani wa kutazama.

Tiketi ya pili nimeirudisha bandarini leo mchana, ulipokuwa ukinunua masanduku. Usinikasirikie mpaka ufike.

Ukishuka Masaka, mpigie Kizito magoti, mwite baba. Usimpe barua hii, ni yako. Mwambie kwa mdomo, mbele ya watoto wake na wazee kama wapo, ili asibaki na mahali pa kuningojea. Mwambie agawe ardhi, vijana wajenge. Mwambie aondoe kile kitambaa akae kwenye kiti cha baba, na wewe usiondoke mpaka umemwona amekaa.

Mimi sirudi.

Baba yako